Sentimita 37 zilizopotelea mlimani: uchambuzi wa kisa cha nyumba ya Isamilo

Kenchi ya kwanza, ile fremu ya mbao inayobeba paa, ilipandishwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ilipofika saa nne na robo mafundi wawili walikuwa hawasemezani, na shangazi yangu alishanipigia simu na maneno manne tu: "Njoo, nyumba yangu imepungua."

Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Nimeshasikia nyumba imepasuka, imetitia, imevuja, imevamia barabara. Kupungua sikuwahi kusikia. Nikachukua tepu, timazi na mpira wa maji, nikapanda bodaboda hadi pale barabara inapoishia, nikamalizia kwa miguu. Anayeijua Isamilo ya juu, hapa Mwanza, anajua ninachosema: njia ni ngazi za mawe, nyumba zimekaa juu ya nyingine kama viti vya uwanja wa mpira, na kila kiwanja kina jiwe lake ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulihamisha.

Shangazi anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nyumba ameijenga kwa awamu: msimu ukiwa mzuri tofali zinapanda, ukiwa mbaya boma linaota majani. Ramani yake ni ya kawaida kabisa. Mita 12 upana, kufuata ubavu wa mlima, na mita 8 kina, kutoka mbele inakotazama ziwa kwenda nyuma kwenye mwinuko. Paa la pande mbili, mwinamo wa nyuzi 25, upenu wa sentimita 60 kila upande. Fundi wa paa aliichukua ramani hiyo, akatengeneza kenchi moja ya mfano pale chini kwenye uwanja, na bati zikaagizwa kiwandani zikakatwa kwa urefu wa oda. Bati za oda hazirudishwi, na hapo ndipo presha ya shangazi ilipopandia.

Kenchi ilipowekwa juu ya kuta ilitokeza. Maungio yake ya pembeni, yale yanayotakiwa kukaa juu ya ukuta, yalining'inia nje kwa kiasi cha kiganja kirefu kila upande.

"Kenchi imekosewa," akasema fundi mwashi.

"Kenchi nimeipima mara tatu. Ukuta ndio umekosewa, fundi," akajibu wa paa.

Mwashi akapanda na tepu yake mwenyewe, akapima juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta, akakuta mita 7.63. Akashuka kimya. Kisha akatafuta mtu. Siku ya kuseti nyumba, yaani kuipimia mahali pake ardhini, kigingi cha juu alikishika saidia fundi, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Kigingi chenyewe hakipo tena, maana udongo wa nyuma ulichimbwa. Kwa hiyo maelezo yakapatikana upesi: kijana alikihamisha kigingi, na posho yake ya wiki mbili inabaki kufidia hasara. Nilipofika kijana alikuwa amekaa juu ya rundo la kokoto, kainamisha kichwa.

Nikamsalimia shangazi kwa Kisukuma, "Mhola?" Akanijibu "Mhola duhu," lakini kwa sauti ya mtu ambaye mambo yake si mhola hata kidogo.

Nilianza juu. Kina cha nyumba upande wa mashariki kilikuwa mita 7.64, magharibi 7.63. Upana mita 12.00 kamili, mbele na nyuma. Kona kwa kona mita 14.22, na kona kwa kona nyingine mita 14.22. Mwashi alipoisikia hiyo ya mwisho akasimama wima.

"Unaona? Kona ziko sawa. Hata siku ya kuseti zilikuwa sawa, nilipima mwenyewe."

"Siku ile zilisoma ngapi?"

Alikumbuka, na hapo nilimheshimu, kwa sababu mafundi wengi hawakumbuki. "Kumi na nne na arobaini na mbili. Zote mbili."

Kisa chote kimo ndani ya namba hizo mbili, 14.42 na 14.22, kwa hiyo nizieleze kabla ya kuendelea. Nyumba ya mita 12 kwa 8 ukiipima kona kwa kona unapata kiegama (upande mrefu kuliko zote) cha pembetatu yenye pembemraba: 12 mara 12 ni 144, 8 mara 8 ni 64, jumla 208, na kipeuo chake cha pili ni 14.42. Hiyo ndiyo aliyoisoma siku ile. Ukiweka 7.63 badala ya 8 unapata 14.22, na hiyo ndiyo tuliyoisoma sisi juu ya lenta. Zote mbili ni sahihi. Nyumba ile ile, tepu ile ile, lakini sehemu mbili tofauti: moja ilipimwa juu ya nyasi za mlima, nyingine juu ya zege lililosawazishwa kwa maji.

Sikumwambia. Nilimwomba anionyeshe alivyoseti.

Kigingi cha chini, kipande cha nondo, kilikuwa bado kimesimama upande wa magharibi, mita moja nje ya ukuta, na ardhi ya upande huo haikuguswa na jembe. Mwashi alishika kichwa cha tepu kwenye nondo, akamwita kijana ashike upande wa juu. Kijana akapanda na tepu, akailaza juu ya nyasi kama mtu anayetandika kamba ya nguo, akaivuta ikakaza, akakanyaga mahali palipoandikwa mita 8. "Hapa," akasema. Nikafunga uzi kwenye kona ya ukuta wa nyuma, nikauvuta kwenda magharibi kwa mstari ule ule wa ukuta. Uzi ulipita juu ya kidole gumba cha mguu wake.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Ukuta ulikuwa pale pale ulipotakiwa kuwa, kwa jinsi mwashi mwenyewe alivyopima. Mita 8 za nyasi na mita 7.63 za zege zimeanza mstari mmoja na kuishia mstari mmoja, na katikati yake pana hatua moja tu ya mtu.

Sasa mpira wa maji. Ni bomba jembamba linaloonyesha maji ndani, la mita 15, na kazi yake yote ni kwamba maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja ukishahakikisha hakuna povu lililonasa katikati. Ncha ya juu niliisimamisha alipokanyaga kijana: maji yalisimama sentimita 18 kutoka ardhini. Ncha ya chini niliifunga kwenye ubao mrefu kwenye ile nondo, na ikabidi nipande juu ya pipa ili nisome: mita 2.58. Toa moja kwenye nyingine: ardhi inashuka mita 2.40 ndani ya mita 8 za tepu.

Nikachora mchangani. Tepu iliyolala ni kiegama, 8.00. Mshuko ni upande wa wima, 2.40. Upande uliobaki, ule wa mlalo, sawa na maji yaliyotulia, ndio mchora ramani aliouandika kwenye karatasi. Karatasi haijui mlima. Ramani ya nyumba, hata ile ya kiwanja iliyopigwa muhuri, vipimo vyake ni vya mlalo, kama vile nchi yote imemwagiwa maji ya ziwa na wewe unapima juu ya maji hayo.

Kijana alikuwa amesogea, anatazama mchanga. Nikamsikia ananong'ona: "SOTOCAHAH."

Waliosoma hesabu sekondari za hapa kwetu wamecheka tayari. Ndiyo ile nyimbo ya darasani ya kukumbuka sini, kosini na tanjenti. Nikampa kijiti. Akaandika: sini ya pembe ni 2.40 gawa kwa 8.00, ambayo ni 0.30. Simu ikampa pembe ya nyuzi 17.46. Kosini ya pembe hiyo ni 0.954. Mara 8, mita 7.63.

Akarudia hesabu mara ya pili, bila kuulizwa, kisha akamtazama mwashi. Kama angekuwa amehamisha kigingi, angekihamisha kwa kubahatisha kikatua kwenye sentimita ile ile ambayo mlima wenyewe ungeikata. Bahati ya namna hiyo mtu haitumii kwa vigingi, anaipeleka kwenye bahati nasibu.

Kwa anayetaka njia fupi ya saiti: zidisha mshuko kwa wenyewe, gawa kwa mara mbili ya urefu wa tepu. Hapa 2.40 mara 2.40 ni 5.76, gawa kwa 16, unapata 0.36. Umekosea sentimita moja, na hukuhitaji kitufe chochote cha ajabu. Mteremko ukizidi nyuzi 20 hivi, njia hii inaanza kudanganya, rudi kwenye kosini.

Hapa nimtetee mwashi kidogo, kwa sababu watu walitaka kumgeuzia kibao. Huyu amejenga sana tambarare za Kisesa, na kule mchezo huu haujioneshi. Ardhi ikiinama nyuzi 5, tepu ya mita 8 iliyolala chini inakudanganya sentimita 3 tu. Nani anaona sentimita 3 kwenye msingi wa mawe? Kwa nyuzi 10 ni sentimita 12. Kwa 17 na nusu zinakuwa 37, na kwa nyuzi 20 ni 48. Kosa halikui sambamba na mlima. Mlima ukiongezeka mara mbili, kosa linaongezeka karibu mara nne. Mtu anaweza kujenga miaka kumi kwa mkono ule ule bila lawama, kisha akapanda Isamilo.

Na ule ukaguzi wake wa kona kwa kona? Hilo ndilo lililonikalisha chini jioni ile, maana ni mtego mzuri. Nyumba ilikuwa imeukalia mlima sawasawa, upana ukifuata ubavu na kina kikipanda moja kwa moja. Kwa mkao huo mlima unafupisha upande mmoja tu na hauigusi pembemraba. Mstatili unabaki mstatili, ila mfupi. Kona kwa kona zitalingana asubuhi, zitalingana jioni, zitalingana juu ya nyasi na juu ya lenta. Kulingana kwake kunasema pembe ni nzuri. Hakusemi lolote kuhusu ukubwa. Kama nyumba ingekaa mshazari kwa mlima, tatu-nne-tano (pembetatu ya mafundi ya kupata kona ya pembemraba) iliyopigwa juu ya nyasi ingetoa kona iliyopinda, na wangeigundua siku ile ile ya lenta.

Dawa yake ni ya kizamani. Unapima vipande vifupi, tepu ikishikwa sawa na pimamaji hewani, na mwisho wa kila kipande unashusha timazi ardhini. Inachosha, inataka watu watatu, na fundi anayelipwa kwa kazi hana hamu nayo.

Wakati tunazungumza hayo jirani wa juu akateremka. Kasikia kwamba paa litatokeza, anataka kujua kama maji ya upenu yatamwagika kwake. Swali la haki. Naye shangazi alikuwa na lake: "Hizo sentimita zangu zimekwenda wapi? Kitu hakipotei hivi hivi."

Maswali mawili, jibu moja: tupime kutoka kona ya nyuma ya nyumba hadi kwenye bikoni ya mpaka, ambayo imekaa moja kwa moja nyuma ya kona hiyo. Ramani inasema mita 5.00. Kama nyumba imefupishwa na mlima, na mwashi alianzia chini, basi kilichopungua kwenye nyumba lazima kiwe kimeongezeka nyuma.

Tatizo ni kwamba katikati ya kona na bikoni limekaa jiwe lenye ukubwa wa daladala. Tepu haipiti, jicho halipiti. Kijana alijitolea kulipanda. Nikamkataza.

Tulikwenda pembeni, kwenye mbuyu mdogo wa maua ya shangazi (anauita mbuyu, mimi siamini), mahali ambapo kona na bikoni zote zinaonekana. Hapo nikapiga kigingi. Kutoka kigingini hadi kona, kwa tepu ya hewani na timazi, mita 9.40. Kutoka kigingini hadi bikoni, mita 7.10. Ilibaki pembe kati ya mistari hiyo miwili, tuliyoivutia uzi, na sikuwa na chombo cha kupimia pembe. Hakihitajiki. Unaweka alama mita 3 kutoka kigingini kwenye uzi wa kwanza, mita 3 kwenye uzi wa pili, unapima kati ya alama na alama. Tulipata mita 1.80.

Sasa sheria ya kosini unaitumia mara mbili: mara ya kwanza kinyumenyume kwenye pembetatu ndogo, mara ya pili mbele kwenye kubwa. Ndogo: 9 jumlisha 9 ni 18, 1.80 mara 1.80 ni 3.24, 18 toa 3.24 ni 14.76, gawa kwa 18, unapata 0.82. Hiyo ndiyo kosini ya pembe, na pembe yenyewe huna haja hata ya kuijua. Kubwa: 9.40 mara zenyewe ni 88.36, 7.10 mara zenyewe ni 50.41, jumla 138.77. Toa mara mbili ya 9.40 mara 7.10 mara 0.82, yaani 109.45. Inabaki 29.32, kipeuo chake mita 5.41.

Ramani inadai 5.00. Nyuma ya jiwe tumekuta 5.41. Shangazi alipiga makofi mara moja, akasema, "Nilijua haziwezi kwenda mbali."

Tukarudi kwenye paa, maana bati zilikuwa zimelala pale zinametameta na kila mtu anakwepa kuzitazama.

Kwa ramani, nusu ya kina ni mita 4.00, ongeza upenu 0.60, jumla 4.60. Gawa kwa kosini ya nyuzi 25, ambayo ni 0.906, unapata urefu wa bati: 5.08. Kwa nyumba iliyopo, nusu ya kina ni 3.815. Bati la urefu sahihi lingekuwa 4.87. Kila bati limezidi kwa sentimita 20 na ushee.

Fundi wa paa alitaka kukata. Shangazi alimtazama tu. Mwashi akashauri paa liinuliwe, bati liishie palepale panapotakiwa. Linawezekana: kosini inayotakiwa ni 4.415 gawa kwa 5.08, pembe inafika nyuzi 29 na nusu hivi. Lakini nguzo ya katikati ya kenchi inapanda hadi mita 2.16 badala ya 1.87, ukuta wa pembeni unakula tofali zaidi, kila kato la mbao linabadilika, na unaupa upepo wa ziwani ubao mpana zaidi wa kuusukuma. Mlimani pale upepo unaotangulia mvua si wa kuuchokoza.

Mimi nilipendekeza tuiache pembe. Nyuzi 25 zibaki, bati libaki, urefu uliozidi uende kwenye upenu. 4.60 toa 3.815 ni 0.785: upenu unakuwa sentimita 78 badala ya 60. Ncha yake inashuka sentimita 37 chini ya kichwa cha ukuta, badala ya 28, na madirisha bado yako chini yake kwa nafasi nzuri. Kwa seremala kazi inakuwa nyepesi: pembe haijabadilika, kwa hiyo kato zote ni zile zile, kwa kila mita 1 ya kwenda unapanda sentimita 46.6. Rafta, zile mbao za mwinamo, hazikatwi. Kinachobadilika ni ubao wa chini na nguzo ya katikati, ambayo inakuwa 3.815 mara 0.466, mita 1.78. Maungio yanarudi juu ya ukuta. Hilo la maungio sikukubali lijadiliwe. Kenchi ya mita 8 ukiiweka tu juu ya ukuta wa 7.63 uzito unatua katikati ya ubao badala ya kwenye maungio, na ubao utapinda kabla hata hujahamia. Na kwa kuwa upenu umeongezeka, kila kenchi ifungwe kwa zile nondo zilizoachwa kwenye zege la lenta. Misumari peke yake haitoshi.

Fundi wa paa alitaka kuhakiki mwenyewe. Akatoa simu, akabonyeza tanjenti ya 25, akapata hasi 0.13. Akanitazama kama nimewadanganya wote tangu asubuhi. Simu ilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho cha nyuzi. Kenchi yake ingeanzia ukutani ikashuka sebuleni. Tuliirudisha kwenye nyuzi, ikatoa 0.466, akacheka yeye wa kwanza.

Jirani tulimwambia upenu utaishia mita 4.6 kutoka mpakani. Akapanda zake.

Ndani ya nyumba hakukuwa na la kufanya. Kuta za vyumba zilikuwa zimeshasimama, na zile sentimita zilikuwa zimekatwa jikoni. Shangazi aliingia, akanyoosha mikono, akasema jiko la kuni halikai humu wala hakutaka likae.

Mwashi alimlipa kijana jioni, noti juu ya noti, bila hotuba. Jumatatu alinipigia kuniuliza mpira wa maji wa mita 15 unauzwa wapi mjini.

Kenchi zote zimepanda, bati zimeezekwa, na mvua za vuli zimeshapita juu yake. Shangazi hukaa chini ya ule upenu mpana akichambua dagaa. Lakini hesabu hakuisahau. Nyumba ilipungua 37, nyuma zimeonekana 41. Nilimwambia nne ni za tepu kulegea na mikono kutetemeka, vipimo vingi mfululizo haviachi kuwa na kasoro. Hakuridhika. Kila nikipita ananiuliza zile nne za ziada ni za nani, na kama jirani akizijua itakuwaje.